Huyu hana masharubu: kuielewa midoli ya He-Man na kwa nini watu wazima bado wanaitafuta

Kwenye lundo la midoli ya mtumba pale Karume, Dar es Salaam, niliokota mmoja wenye urefu wa kalamu ya wino. Mwili wa kijani, misuli imejaa kama ya kuli wa bandarini, kofia ya vita kichwani, miguu imelegea hadi inaning'inia. Mgongoni una maandishi madogo yaliyochomoza kwenye plastiki: jina la kampuni ya Mattel, mwaka 1981, na nchi ya Malaysia. Muuzaji alipoona nayasoma, bei ikapanda palepale. "Huyo wa themanini na moja, kaka. Mtandaoni wanauza mamilioni." Kijana aliyekuwa anachagua viatu meza ya jirani akasogea, akamtazama mdoli usoni, akatoa hukumu yake: "Feki huyo. Man-At-Arms ana masharubu. Huyu hana."

Wote wawili walikosea, na makosa yao ni ya kueleweka kabisa. Tangu habari za filamu mpya ya Masters of the Universe zianze kusambaa, ile iliyoongozwa na Travis Knight, Nicholas Galitzine akiwa He-Man, maswali haya yamekuwa mengi. Kilianza nini, katuni au mdoli? Mwaka ulioandikwa mgongoni una maana gani? Na kwa nini mtu mwenye akili zake timamu, mwenye ada za watoto za kulipa, anunue kipande cha plastiki kilichochezewa na mtoto wa Ujerumani miaka arobaini iliyopita? Nimeifuatilia midoli hii kwa muda mrefu na ninaipenda kwa dhati, kwa hiyo nitajaribu kulifungua fundo hili taratibu.

Tuanze na majina. Masters of the Universe ni jina la ukoo mzima: midoli, magari yao, wanyama wao, ngome zao, vitabu, katuni na filamu. He-Man ni mmoja tu ndani ya ukoo huo, shujaa mwenye nywele za dhahabu. Adui yake ni Skeletor, mwili wa bluu na uso wa fuvu. Wanapigania ngome iitwayo Castle Grayskull, iliyo kwenye sayari ya kubuni, Eternia. Man-At-Arms, huyu niliyemwokota, ni fundi wa silaha wa upande wa He-Man.

Jina la pili ni "mdoli" lenyewe. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, askari wa plastiki wa kuvalishwa na kuvuliwa nguo. Kwa umbo alikuwa ndugu wa Barbie, lakini Hasbro waliogopa kwamba wazazi wa Marekani hawatamnunulia mtoto wa kiume kitu kinachoitwa doli, wakabuni jina jipya lenye maana ya sanamu ya vitendo. Kiswahili hakina haja ya ujanja huo. Kwetu mdoli ni mdoli, awe malkia au jemadari, na ndilo neno nitakalotumia.

Mlango uliokataliwa

Mattel ndiyo iliyomleta Barbie mwaka 1959 na magari madogo ya Hot Wheels mwaka 1968. Mwaka 1976 waliletewa ombi la kutengeneza midoli ya filamu ambayo haikuwa imetoka bado, Star Wars. Wakakataa. Kampuni ya Kenner ikakubali. Filamu ilipotoka mwaka 1977 ikawa moto, na Krismasi ya mwaka huo Kenner hawakuwa na midoli ya kutosha madukani, wakauza bahasha ya kadibodi yenye cheti cha ahadi: lipa leo, mdoli utakufikia kwa posta mwakani. Wazazi wakainunua ahadi hiyo. Mtu anayeuza midoli akiona wateja wanalipia mdoli ambao haupo, hawezi kulala.

Kwa hiyo Mattel ikahitaji hadithi yake yenyewe, isiyokodishwa kwa mtu. Mwishoni mwa mwaka 1980 mbunifu wao Roger Sweet alichukua midoli mitatu ya zamani ya kampuni hiyo, iliyoitwa Big Jim, akaiinamisha kwenye mkao wa kupigana, akaikandika udongo hadi misuli ikavimba kuliko ya mwanadamu yeyote. Mmoja akamfanya shujaa wa porini wa kale, wa pili askari, wa tatu mtu wa anga za juu. Mkubwa wa kampuni, Ray Wagner, akaelewa mara moja. Shujaa wa porini ndiye akawa He-Man.

Hapa panahitaji uangalifu, kwa sababu mashabiki wamegombana miaka mingi juu ya nani hasa "baba" wa He-Man. Mark Taylor, mchoraji wa Mattel aliyefariki mwaka 2021, alikuwa tayari amechora mashujaa wa aina hiyo, naye ndiye aliyempa sura He-Man, Skeletor na Castle Grayskull. Mimi naona ugomvi huu hauna haja ya mshindi. Sweet alileta kiwiliwili na wazo la kuuza. Taylor alileta uso na dunia ya kuishi ndani yake. Ukimwondoa mmoja kati yao, hakuna kinachobaki cha kukumbukwa.

Kuhusu Skeletor, Taylor alisimulia jambo ambalo kila nikilifikiria damu inasisimka. Alipokuwa mtoto aliingia kwenye nyumba ya vitisho ya bustani ya burudani ya The Pike, Long Beach, California, akaona maiti ikining'inia. Akajua moyoni kwamba ile si sanamu. Mwaka 1976 kikundi cha televisheni kilichokuwa kikipiga picha mahali hapo kiligusa "sanamu" kama hiyo, mkono ukakatika, na ndani mkaonekana mfupa. Ilikuwa maiti halisi iliyokaushwa, ya mhalifu Elmer McCurdy, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1911 na kisha kuzungushwa maonyeshoni kwa miongo. Taylor aliamini kwamba hofu ile ya utotoni ndiyo aliyoichora kwenye uso wa Skeletor.

Mdoli kwanza, katuni baadaye

Midoli ya kwanza iliingia madukani mwaka 1982. Wahusika walikuwa wanane: He-Man, Man-At-Arms, Teela, Stratos, Skeletor, Beast Man, Mer-Man na Zodac. Katuni ya He-Man, iliyotengenezwa na studio ya Filmation, ilianza kuonyeshwa Septemba 1983. Kwa kifupi, mwaka mzima watoto walicheza na hawa watu bila katuni yoyote ya kuwaelekeza.

Walichokuwa nacho ni kitabu kidogo cha picha kilichokuja ndani ya kila pakiti. Vya kwanza viliandikwa na Donald F. Glut na kuchorwa na Alfredo Alcala, msanii kutoka Ufilipino, kwa mkono mzito wenye giza zuri. Humo He-Man si mwana wa mfalme. Ni shujaa aliyetoka kwenye kabila lake la msituni kwenda kuilinda nchi. Yule Prince Adam mpole anayegeuka kuwa He-Man aliingizwa na vitabu vya DC Comics mwaka huohuo wa 1982, kisha katuni ikamfanya ajulikane duniani. Kwa hiyo mtoto wa 1982 na mtoto wa 1984 hawakuwa na He-Man mmoja, na ndiyo maana watu wawili wa umri unaokaribiana wanaweza kubishana juu ya asili yake na wote wakawa wakweli.

Rudi sasa kwa kijana wa Karume na hoja yake ya masharubu. Man-At-Arms wa katuni ana masharubu mazito. Mdoli wa 1982 hana, kwa sababu ulichongwa kabla ya Filmation kumchora hivyo. Uso mtupu wa yule mdoli si dalili ya feki. Ni alama kwamba mdoli ndio mkubwa na katuni ndiyo mdogo mtu.

Katuni yenyewe ilikuja kwa mlango ambao serikali ya Marekani ndiyo iliuacha wazi. Mwaka 1969 katuni ya magari ya Hot Wheels ililalamikiwa kwamba ni tangazo la nusu saa lililovaa nguo za hadithi, na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ikakubaliana na walalamikaji. Miaka ya 1980, chini ya utawala wa Ronald Reagan, mwenyekiti wa FCC Mark Fowler aliamini soko lijiamulie, na mwaka 1984 mipaka ya matangazo ya televisheni ikaondolewa. Bunge lilikuja kuirejesha kwenye vipindi vya watoto kwa sheria ya mwaka 1990. Katika enzi hiyo ya Fowler He-Man alipata vipindi 130, kila siku ya kazi jioni, mtoto anatoka shule anamkuta.

Je, lilikuwa tangazo? Ndiyo. Lakini halikuwa tangazo tu. Filmation ilikuwa inachorea katuni zake Marekani wakati wenzao wengi wanapeleka kazi Asia kwa bei rahisi, na fedha zilipopungua walibana matumizi kwa kutumia michoro ileile tena na tena. Kale kachawi kadogo kanakoelea, Orko, kalipangwa kuitwa Gorpo. Jina likabadilishwa kwa sababu herufi O iliyo kifuani inasomeka vilevile hata mchoro ukigeuzwa kushoto kulia, na hivyo picha moja inatumika mara mbili. Ndani ya ubanaji huo waandishi kama Paul Dini na J. Michael Straczynski walijifunzia kazi, na kila kipindi kilimalizika kwa mhusika kumgeukia mtoto na kumpa funzo: usidanganye, waambie wazazi, usimcheke mwenzio. Anayetoka kwenye utamaduni ambao bibi hamalizi ngano bila funzo hawezi kuushangaa mtindo huo.

Mwaka 1985 akaja She-Ra, dada pacha wa He-Man, na katuni yake ya vipindi 93 na midoli yake ya farasi wenye mabawa.

Paterni moja, mashati kumi

Ukitaka kuielewa midoli hii kwa mkono, nenda kwa fundi cherehani. Fundi mzuri ana paterni moja ya shati. Akibadilisha kola, kitambaa na vifungo, wateja kumi wanatoka na mashati kumi. Kalibu ya chuma ya kumimina plastiki ni ghali kuliko paterni ya karatasi, kwa hiyo Mattel ilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuitumia mara nyingi. Mkononi hili linaonekana. Beast Man na Stratos wana kifua kilekile chenye manyoya. Mer-Man na Skeletor wana mikono ileile yenye makucha. Hata Battle Cat, chui milia wa kijani anayepandwa na He-Man, alitokana na chui wa midoli ya Big Jim. Ukimweka kando ya He-Man alikuwa mkubwa kupita kiasi, na ukubwa huo ndio uliozaa wazo la kumtandika tandiko awe wa kupandwa.

Mwaka 1983 walimpaka He-Man rangi ya bluu, wakampa vazi la kifuani la Skeletor, wakamwita Faker, pandikizi la adui. Mwaka 1985 walichukua mwili wa Beast Man, wakaufunika nyuzinyuzi za kijani kama kuvu, wakauwekea harufu ya msonobari, akazaliwa Moss Man. Na mwaka huohuo wakamtoa Stinkor, mwenye kichwa cha Mer-Man na rangi nyeusi na nyeupe za kicheche. Plastiki yake ilichanganywa na mafuta ya pachuli, yale yanayotumika kwenye marashi. Harufu haikupakwa juu, imo ndani ya plastiki yenyewe. Watu wamemfungua Stinkor baada ya miongo kadhaa na bado ananukia. Kwa hiyo ukikutana naye kwenye lundo na ananuka vibaya, usimtupe ukidhani ameoza. Ndiyo kazi aliyoumbiwa.

Mimi ninauheshimu uchumi huu. Kutoka kwenye vipande vichache vya mwili walitoka watu kadhaa ambao kila mmoja ana tabia yake, na mtoto hakuona umaskini wowote hapo. Mingi ya midoli hii ina springi kiunoni: uzungushe kiuno upande mmoja, uachie, unarudi kwa kishindo na mkono unapiga. Upanga wa He-Man na wa Skeletor wa toleo la kwanza ulikuwa nusu nusu, bapa upande mmoja, ili ziunganishwe na kuwa upanga mmoja kamili, ufunguo wa ngome. Fikiria watoto wawili, mmoja ana He-Man mwingine ana Skeletor, na hakuna anayeweza kufungua lango bila mwenzake.

Halafu mauzo yakaanguka. Takwimu zinazonukuliwa siku zote ni kwamba mauzo ya Marekani yalifika dola milioni 400 mwaka 1986, mwaka uliofuata yakabaki milioni 7. Maduka yalikuwa yamejazwa wahusika kupita uwezo wa mifuko ya wazazi, na washindani wapya, Transformers wakiwemo, walikuwa wameshateka macho ya watoto. Filamu ya 1987, Dolph Lundgren akiwa He-Man na Frank Langella akiwa Skeletor, haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema. Langella ni mzuri mno humo, anaigiza kama yuko kwenye jukwaa la mfalme, lakini hakuweza kuibeba meli peke yake. Mwaka 1988 mfululizo wa kwanza ulifika mwisho, na midoli miwili ya mwisho, He-Man na Skeletor wenye silaha za taa, iliuzwa Ulaya.

Baadaye He-Man alirudi mara kadhaa: 1989 akiwa angani, 2002 akiwa na sura mpya, na mwaka 2008 kwa mfululizo ulioitwa Classics, uliochongwa na wasanii wa Four Horsemen na kuuzwa kwa mtandao moja kwa moja kwa watu wazima. Mwaka 2020 ukaja mfululizo wa Origins, wenye sura ya zamani na viungo vya kisasa. Huo wa mwisho ndio unaowachanganya wengi, na nitaurudia.

Kwa nini kipande kidogo kina bei kuliko mwili

Sasa tuje kwenye kukusanya. Chukua kanga. Kanga inauzwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Ukikata ukampa dada yako kipande kimoja, umefanya jambo jema, lakini hiyo si doti tena. Baada ya miaka thelathini, anayetaka doti kamili ya jina lile atalipia kipande kilichopotea kuliko unavyodhani, kwa sababu vipande vya pekee viko tele na doti hazipo.

Midoli ni vivyo hivyo. Man-At-Arms alitoka dukani na vazi la kifuani la rangi ya chungwa, kinga ya mkono, kinga ya mguu na rungu. Mtoto alicheza naye bustanini, rungu likaingia kwenye nyasi, kinga ya mguu ikamezwa na mashine ya kusafishia mazulia. Mwili mkubwa ukabaki, ukaingia kwenye boksi, ukatolewa msaada, ukapakiwa kwenye robota, ukavuka bahari hadi Karume. Miili ilibaki kwa maelfu. Vitu vidogo ndivyo vilivyokufa. Ndiyo maana anayekusanya atapita mbele ya He-Man watano walio uchi bila kugeuka, halafu aruke kwa furaha akiona mkanda au upanga mmoja.

Kwa hiyo anayeuliza "hii ni bei gani" aanze na maswali mengine. Ina vifaa vyake vyote? Rangi ya kifuani na usoni imekwanguka? Springi ya kiuno bado inarudi? Miguu imekaza? Ndani ya kiuno cha midoli ya mwanzo kuna kiungo cha mpira kinachoshika miguu, na mpira huo huchoka, ndiyo maana miguu huning'inia. Baada ya hapo ndipo swali la uchache linapoingia. Midoli iliyotoka mwishoni, wakati watoto wameshahama, ilinunuliwa na wachache. Scare Glow wa mwaka 1987, mifupa inayowaka gizani, anatafutwa sana kuliko He-Man wa 1982, ingawa He-Man ndiye mzee. Umri peke yake hauleti bei. Kinacholeta bei ni umri ukikutana na uchache na ukamilifu, na pale ambapo mdoli haujawahi kutoka kwenye pakiti yake, bei inapanda ngazi nyingine kabisa. Kuna hata kampuni, ya Action Figure Authority, inayokagua mdoli, inaupa alama na kuufungia ndani ya kasha gumu la plastiki angavu.

Nchi nayo ina uzito. Midoli hii ilitengenezwa Malaysia, Taiwan, Hong Kong, Mexico, Ufaransa, Italia, Hispania na kwingineko, na India ilitoka chini ya jina la Leo. Rangi na plastiki hutofautiana kidogo. Wako wanaokusanya Skeletor tu, kutoka kila kiwanda, wakiwapanga safu kama mwalimu anavyopanga watoto paredi, wakifurahia tofauti ambazo mgeni hazioni.

Na mwaka ulioandikwa mgongoni? Fungua kitabu cha shule ukurasa wa haki miliki. Kinasema toleo la kwanza 1981, lakini nakala uliyoshika inaweza kuwa ilipigwa chapa miaka mingi baadaye. Mdoli ni hivyohivyo. 1981 ni mwaka wa haki ya kalibu, na kalibu ile iliendelea kumimina midoli miaka iliyofuata. Kumbuka kwamba hata midoli ya kwanza kabisa ilifika dukani 1982. Muuzaji wangu hakudanganya, alisoma namba kama ilivyo. Ila namba hiyo haisemi anachodhani inasema.

Mambo yanayosemwa sana

Lipo linaloenea kuliko yote: kwamba He-Man alikuwa mdoli wa filamu ya Conan, Mattel wakaogopa ukatili wa filamu, wakabadilisha nywele zikawa za dhahabu na kumpa jina jingine. Lina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Mattel kweli ilisaini mkataba wa haki za Conan mwaka 1981, na mwaka uliofuata ikajitoa. Wenye Conan waliishtaki. Lakini kazi ya Sweet na Taylor ilikuwa imeanza kabla ya mkataba huo, na mwaka 1989 mahakama ya New York iliamua kwa upande wa Mattel. He-Man na Conan wamekulia mtaa mmoja, hawajazaliwa tumbo moja.

La pili ni He-Man mwenye nywele za kahawia, ambaye mashabiki humwita kwa jina la mkate maarufu wa Marekani kwa imani kwamba alitolewa zawadi kwa wanunuzi wa mkate huo. Mdoli wenyewe upo. Kinachokosekana ni tangazo hata moja la mkate huo linaloutaja. Anayekuuzia kwa bei kubwa kwa nguvu ya hadithi hiyo, mwombe akuonyeshe tangazo.

La tatu linanigusa zaidi kwa sababu linaharibu vitu: kwamba mdoli wa zamani usuguliwe uwe kama mpya. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa mtoto vinatosha. Spiriti na petroli vinaondoa rangi ya asili, na ikitoka hairudi. Kupaka rangi upya ni kibaya zaidi mbele ya mkusanyaji. Na kwa hali yetu ya pwani, jua na joto ndio maadui wakubwa. Unajua kandambili zilizosahauliwa barazani zinavyogeuka ngumu na kupauka? Plastiki laini ina mafuta ndani yake, na joto linayatoa hadi mdoli unanata mkononi kama umetokwa jasho. Uweke kivulini, penye hewa, usiufungie kwenye mfuko wa nailoni.

Kuhusu Origins niliyoahidi kuirudia: ukiwa na mashaka kama mdoli ni wa miaka ya 1980 au wa juzi, jaribu kukunja kiwiko na goti. Ile ya zamani haikunjiki. Mkono wake unazunguka begani tu, basi. Ukikunjika, ni wa kisasa, na hakuna aibu yoyote kuununua, mradi usiulipie bei ya mzee. Jaribio hilo lina tundu moja: mwaka 2000 Mattel yenyewe ilitoa tena baadhi ya midoli ya zamani kwa umbo lilelile la awali, na hiyo haikunjiki pia. Hapo inabidi kusoma alama na kulinganisha na mdoli unaojulikana. Vilevile kuna watu wanaotengeneza panga na mikanda mipya ya kuiga, wakiuza kwa uwazi kwa wenye midoli pungufu. Shida huanza kipande hicho kikibadilisha mikono mara tatu na mtu wa mwisho akasahau kusema.

Yule Man-At-Arms nilimnunua baada ya kumweleza muuzaji yote haya, naye akashusha bei hadi tulipokubaliana, bila hasira. Ni wa kweli, wa mwanzo, uso mtupu kama alivyotoka kiwandani. Hana vazi, hana kinga, hana rungu. Kiuno bado kinarudi kwa kishindo kile. Nimesharudi Karume mara mbili kupekua chini ya lundo, na muuzaji sasa ameweka kopo la Blue Band chini ya meza. Kila robota likifunguliwa anatumbukiza humo vipande vidogo ambavyo zamani alikuwa anavifagia. Mara ya mwisho tulilimwaga kwenye gazeti tukakuta magurudumu, kiatu cha Barbie, na nusu ya upanga wa kijivu, bapa upande mmoja. Rungu la rangi ya chungwa bado.